Ulezi Kwenye Kabati la Seli

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya Sumbawanga leo ni ya kukomoa. Mama Fransiska, mama mkwe wangu mtarajiwa, analalamika ulezi wake umegoma kuota. Bila kimea, hakuna pombe ya sendofu ya mchumba wangu Angela. Nikamwambia aniachie mimi! Maabara tuna makabati mawili yenye joto kama la mwili wa binadamu, moja langu, moja la mwenzangu Edith. Humo tunakuza seli za ovari, tukichunguza zinavyotumia sukari. Rafu yangu ya chini ilikuwa tupu. Sasa ina ulezi, umefungwa kwenye kitambaa safi. Mimi ni mtu wa usafi.

Jumanne, 10 Juni
Edith kanusa kabati langu. Akauliza harufu ya nini. Nikamwambia sabuni mpya. Wivu tu! Dk. Justina, bosi wetu, atampeleka mmoja wetu Arusha kueleza matokeo mbele ya wanasayansi. Sijawahi kupanda ndege. Nataka kwenda kuliko kitu kingine chochote. Edith naye anataka, ila yeye haombi, anachapa kazi. Mbinu chafu hiyo.

Jumatano, 11 Juni
Maajabu! Nimepima chakula cha seli zangu, sukari imekwisha kabisa. Za Edith zimedonoa tu. Nimetangaza korido nzima. Nimeazima suti ya shemeji Zenon.

Alhamisi, 12 Juni
Dk. Justina kachungulia kwenye hadubini. Akaniita nami nione. Hamira! Imejaa tele, imemaliza sukari, seli zote zimekufa. Akafungua rafu ya chini, hamira ilikotokea. Ulezi ulikuwa umeota vizuri ajabu, hilo hakulisifu. Akasema taratibu kwamba akina mama waliofanyiwa upasuaji walituruhusu kutumia seli zao ili wengine watibiwe, siyo tupikie pombe. Niliona aibu, kweli kabisa. Anakwenda Edith.

Jumatatu, 16 Juni
Edith kapanda ndege yangu! Kaniachia kabati lake nilitunze, Dk. Justina akiwa pale pale kanitolea macho. Nikaapa mbele yao: nafaka haitaingia humo kamwe. Mimi si mtu wa kurudia kosa.
Mchana Mayunga, mlinzi wetu mwenye ng'ombe, alikuwa mnyonge. Anasema kwa baridi hii maziwa yake hayagandi, na wageni wanakuja. Maskini! Maziwa si nafaka. Nimemwambia alete kidumu kesho asubuhi.