Banda Lililopewa Likizo

La, halikubomolewa. Nani kawadanganya? Lile banda la Fundi Randa lilipewa likizo, tena likizo ya halali, kwa kipaza sauti, barabara imejaa watu. Kipaza sauti kilisema hivi: "Kuanzia leo, chochote kinachotoa jasho mahali pa kazi ni mfanyakazi, na kitapewa haki zote za mfanyakazi." Makofi yakapigwa. Wakubwa wakitangaza jambo, mtu unapiga makofi kwanza, halafu ndiyo unamuuliza jirani wamesema nini.

Ngojeni niwarudishe nyuma, maana nimeanzia mkiani.

Fundi Randa alikuwa seremala, na jina hilo walimpa watu kwa sababu hata akiongea na wewe anakuparuza taratibu mpaka unyooke. Banda lake la kazi lilikuwa nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa jikoni, bati juu, tofali chini, na kidirisha cha kuchungulia. Kazi ilipokuwa ndogo lilimtosha. Kazi ilipokua, mbao zikajaa mpaka ukutani, hewa ikakosa pa kupita, na unyevu ukahamia humo na mizigo yake yote. Asubuhi bati likipigwa na baridi, matone yanashuka kwa ndani, utadhani mvua imekosea mlango. Gundi haikauki. Msumeno unashika kutu. Milango ya mwenye duka la dawa ikapinda kama ulimi wa kiatu kilichonyeshewa, na mwenye duka akasema, kwa ule upole wa mtu aliyekasirika sana, kwamba akiletewa mingine ya namna hiyo atatafuta seremala mwingine. Na huyo ndiye aliyekuwa mteja mkubwa aliyebaki. Wengine walishaondoka na milango yao iliyopinda.

Fundi hakukaa bure. Aliinua mbao juu ya magogo zisiguse sakafu, akazitenga na ukuta. Lakini ukizivuta mbao katikati, wewe mwenyewe unasimama wapi? Dawa ilikuwa kuliongeza banda kwa upande, hatua chache tu, na kutoboa matundu juu ya kuta, hewa iingie huku itokee kule, kabla mvua hazijaanza. Mkewe, Mama Watoto, alimwambia achimbe msingi anyamaze. Fundi akasema yeye ni raia mwema, ataomba kibali. Mama Watoto akamtazama, akarudi kukoroga sufuria yake.

Basi akaenda Idara ya Ustawi wa Majengo na Yanayofanana Nayo. Huko alikuwepo afisa ambaye watu walimwita Bwana Taratibu, maana kila ukimweleza shida yako anakujibu kwamba jambo hilo lina taratibu zake. Kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kikali, mwenyewe amevaa sweta ndani ya koti, na bado anapuliza vidole.

"Sababu ya kuongeza jengo?" akauliza.

"Banda linatoa jasho, mkubwa."

Bwana Taratibu akaweka kalamu chini. "Linatoa nini?"

"Jasho. Kila asubuhi. Likizidi linanidondokea kichwani."

"Na kazi linaanza saa ngapi?"

Fundi akadhani anaulizwa habari zake yeye. "Tangu alfajiri mpaka giza, mkubwa. Siku nyingine hatupumziki hata kula."

"Nyote wawili?"

"Mimi na banda, ndiyo. Tutakuwa na nani tena?"

Sasa mimi na wewe tungesema bati limepigwa na baridi, basi, yakaisha. Ndiyo maana mimi na wewe hatukupewa ofisi. Bwana Taratibu alifika mwenyewe kukagua, akagusa tone kwa kidole, akalinusa, akatikisa kichwa kwa huruma. Akamweleza Fundi kwamba kwa miaka yote hiyo amemtumikisha mfanyakazi bila mapumziko, na kwamba mfanyakazi aliyechoka haongezwi mwili, anapumzishwa. Akafunga mlango kwa kufuli. Kidirisha akakiziba kwa ubao ili mhusika asisumbuliwe na mwanga. Vifaa vyote ndani, na mbao za milango mipya ya mwenye duka la dawa ndani pia. Fundi akauliza likizo itaisha lini. Akajibiwa kwamba itategemea maendeleo ya mhusika.

Kama ujuavyo, nyumba isiyopata hewa ndiyo inayolowa. Afisa aliporudi kumjulia hali mhusika, akafungua, akakuta matone yamezidi, na ukuta umeota ukungu wa kijani kama ndevu. Akamgeukia Fundi kwa ukali. Banda liko likizo na bado linatoa jasho, basi kuna mtu analifanyisha kazi kwa siri.

"Mkubwa," akasema Fundi, "kufuli ni lako, na ufunguo uko mfukoni mwako."

"Ndiyo maana nikasema kwa siri."

Akafunga tena.

Habari zikapanda juu, na huko juu zikapendwa mno. Ikaamuliwa likizo hiyo izinduliwe rasmi, na akaja Mheshimiwa, mama wa miwani mikubwa, dereva wake akimshikia mwavuli. Ndiyo ile siku ya kipaza sauti niliyoanza nayo. Makofi yalipotulia, Mheshimiwa akasema mwenye banda atoe neno la shukrani.

Fundi akakishika kipaza sauti kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Kichwani hamkuwa na siasa yoyote. Alikuwa anawaza mbao zake zinazovimba humo gizani, na ule ufunguo.

"Asante, Mheshimiwa. Naomba kuelewa tu. Anayetoa jasho ni mfanyakazi. Na asiyetoa je?"

Mheshimiwa aliuona umati, na umati ulikuwa mzuri. "Asiyetoa jasho si mfanyakazi," akasema. "Hana haki ya ofisi wala ya mshahara."

Makofi ya hapo, wajukuu zangu, yalikuwa makofi ya kweli. Yalipoisha, macho yakaanza kuhama moja moja, mpaka yote yakatua kwa Bwana Taratibu, amesimama kwenye kivuli cha gari na koti lake. Mama Watoto akatoka jikoni, uso unamchuruzika jasho kwa moto wa kuni, akaomba radhi kwa adabu zote, akampitishia afisa kiganja kwenye paji la uso.

"Mkavu," akawaambia watu. "Mkavu kama unga."

Halafu akautazama ule mwavuli. Dereva ndiye aliyeanza kuufunga.

Mheshimiwa akacheka kidogo, akasikia anacheka peke yake, tena kwa kipaza sauti. Akavua viatu, akauliza kazi iko wapi. Mama Watoto akamwambia kazi ni msingi wa banda, ila majembe yamefungiwa ndani na mhusika.

Ufunguo ulitoka mfukoni bila taratibu yoyote.

Wakachimba. Fundi alizitoa mbao zake kwanza, akazipanga juani, akazigeuza kama mtu anayemkagua mgonjwa wake. Mbili zilikuwa zimekwisha, zilizobaki zilipona. Halafu akapanda kutoboa matundu ya juu, na kule chini akawasikia wakubwa wanahema. Baadaye kidogo Bwana Taratibu, koti liko kwenye waya wa nguo, akaonyesha paji lake la uso. "Mheshimiwa, tazama. Limetoka."

"Langu lilianza kabla ya lako," akajibu Mheshimiwa, bila kuinua kichwa kwenye udongo.

Shimo lilipofika kina alichotaka Fundi, Mama Watoto akatandika mkeka pale uani, akaweka sufuria katikati, akawanawisha mikono mmoja mmoja. Dereva alikuwa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mheshimiwa akabaki amesimama, matope mpaka magotini, akiangalia huku na huku. Akauliza kwa sauti ya chini viongozi wanakaa upande gani, mbele ni wapi.

"Mbele ni kwenye sufuria, mama," akasema Mama Watoto. "Sogea, mwenzio naye apate pa kukaa."

Akasogea. Wakakaa wote, wakala.