Nundu ya Kinsuka

Jumatatu, 4 Agosti
Mto umepungua, mawe ya maporomoko ya Kinsuka yako nje. Papa Nzuzi, mnunuzi wa samaki wa mapambo, kasema Ijumaa atateua mkuu wa wavuvi wake wote. Sharti: umletee jozi ya samaki wa nundu, dume na jike waliozoeana. Dume ana nundu kubwa kichwani. Rahisi! Cheo ni changu. Shemeji yangu Mabiala kasema kilicho kikuu kwangu ni mdomo tu. Atajuta!

Jumanne, 5
Samaki hawa kuogelea hawajui. Wanarukaruka chini kama vyura, kisha wanajichimbia chini ya mawe. Nusu siku majini, meno yakigongana. Nimepata wawili! Nundu kubwa, nundu ndogo. Bwana na bibi. Nimewatia kwenye beseni la mke wangu Ngudia la kulowekea mihogo. Hajui.

Jumatano, 6
Amejua. Isitoshe, bwana na bibi wamepigana hadi bibi kabaki bila mkia. Ngudia kachungulia: “Papa Luyindula, hao wote madume. Huyu mzee, huyu kijana.” Nikamwambia utaalamu aniachie mimi.

Alhamisi, 7
Mabiala ana jozi ya kweli, ndooni mwenye mawe. Na vitoto! Mama yao anavichunga, baba analinda mlango wa pango. Roho iliniuma. Alipokwenda kula kwanga, ule mkate wa muhogo, nikaamua kubadilisha samaki: wake kwangu, wangu kwake. Nikaingiza mkono kumtoa baba mtu. Aliniuma kidole! Nikaruka, ndoo ikapinduka, familia nzima mchangani. Mabiala akaja mbio. Nilingoja ngumi. Akapiga magoti: “Usisimame tu, shemeji, lete maji!” Tukaokota vitoto kimoja kimoja kwa kijiko. Vyote vikapona. Akaahidi hatamwambia dada yake. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ijumaa, 8
Mkuu ni Mabiala. Nikainamisha kichwa. Ndipo akasema, mbele ya watu wote, kwamba msaidizi anayemtaka ni mimi. Mimi! Nililia kweli. Nimemwapia Ngudia: hila basi, nimekuwa mtu mwingine.

Jumamosi, 9
Msaidizi. Nimelitafakari neno hilo tangu asubuhi. Mkuu akiugua, nani anashika kazi? Na Mabiala ana kikohozi kidogo. Nimemshauri kesho apige mbizi alfajiri, kifua wazi. Maji ya baridi hulainisha makohozi. Amenishukuru sana. Ngudia kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia namwombea kaka yake afya.