Ombi la Kuletewa Wavamizi Wasio na Undugu Nasi

Kamati ya Macho ya Mto,
Los Mogotes, Texas.
Wiki ya mwisho ya Agosti.

Kwa Mheshimiwa Seneta Harlan Whitcomb,
Bunge la Jimbo, Austin.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe na mama watoto. Sisi huku ni wazima, isipokuwa joto, na hilo hatukulaumu wewe.

Mimi ni Eliseo Cantú, mwenyekiti wa kamati iliyotajwa hapo juu. Ukoo wetu umekaa ukingo huu wa mto tangu enzi za mfalme wa Hispania, Texas haijaitwa Texas, kwa hiyo naomba usinichanganye na watu waliovuka juzi. Ulipokuja kuhutubia kwenye ukumbi wa zimamoto, mimi ndiye niliyekaa mbele na kofia nyeupe, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Ulisema tunavamiwa. Kesho yake nikaunda kamati. Sasa nina malalamiko, nami nimeyapa namba ili wasaidizi wako wasipate taabu.

1. Wavamizi hawajafika. Tumekaa ukingoni kiangazi chote, na viti vya kukunja, darubini na kasha la barafu. Tulichokiona, ukimtoa mmoja nitakayemfikia namba tatu, ni mbuzi wa Arnulfo Saldaña, ambaye ni makamu wangu, na wazee wawili kutoka Ohio waliokuja kutazama ndege. Tuliwasimamisha wale wazee, tukawahoji. Wakatupa biskuti. Mheshimiwa, mtu aliyeahidiwa jeshi halafu akaletewa biskuti ana haki ya kuuliza.

2. Tukasema basi, kikulacho ki nguoni mwako, tuwatafute waliokwisha kuingia mjini. Tulikutana jikoni kwangu, kila mjumbe ataje anayemjua. Arnulfo akaanza kwa ushujaa: "Lencho, yule fundi wa mapaa. Hana karatasi hata moja ya kuishi hapa."

Chema, mweka hazina wetu, akaruka kitini. "Lencho? Lencho kamshika mwanangu ubatizoni! Una wazimu wewe? Kama ni hivyo, tumtaje Queta, yule mpika tamale."

"Komadre Queta?" Arnulfo akamjibu. "Thubutu! Thubutu uone kama utaiona Krismasi na meno yako."

Kwa kuwa wewe ni mtu wa makanisa mengine, nikueleze. Huku kwetu mtu akimshika mtoto wako juu ya maji ya ubatizo, amekuwa kompadre wako mpaka kaburini, na kama ni mwanamke, komadre. Hamtukanani, hamnyimani chumvi, na kumpeleka mwenzako kwa askari ni dhambi ambayo hata Padre huisikiliza amefumba macho. Basi tulizunguka meza ile mchana kutwa, na kila jina lililotajwa lilikuwa na mwenyewe. Tukatoka bila hata mtu mmoja wa kumfukuza. Ni aibu kubwa kwa kamati yenye bendera yake.

Siku hiyo Ofelia alitupikia barbakoa, nyama ya kichwa cha ng'ombe. Ofelia ndiye anayemtunza mama yangu, Doña Herlinda, tangu mama alipopooza upande mmoja. Humwogesha, humgeuza kitandani, humlisha, na mama hakubali kijiko cha mtu mwingine. Ofelia hatukumtaja kwa sababu yeye si mhamiaji haramu, ni Ofelia. Ni kweli alivuka mto bila karatasi, lakini ni zamani, na nguo zake zimekwisha kukauka.

3. Mwezi wa Julai tulimkamata mmoja wa kweli. Anaitwa Wilmer, kijana wa Honduras, alitoka majini mbele ya viti vyetu suruali ikichuruzika. Arnulfo alitokwa na machozi ya furaha. Nikawapigia askari wa doria ya mpaka, wakasema wanakuja sasa hivi. Mheshimiwa, walikuja jua linazama! Na siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na mjukuu wa Arnulfo alikuwa anabatizwa, na mfungwa huwezi kumwacha peke yake ukingoni, ataondoka. Tukaenda naye kanisani chini ya ulinzi mkali. Nilimpa shati langu, maana hata mvamizi haingii kanisani kifua wazi.

Sasa baba wa ubatizo alikuwa anatoka Houston, na gari likamharibikia njiani. Padre alikuwa na watoto wengine wanalia foleni. Akauliza, "Hapa hakuna Mkatoliki mmoja asiye kompadre wa hii familia, nimalize kazi?" Tukatazamana. Wote tulikwisha kuwashika watoto wa Arnulfo, na mila yetu haipendi mtu arudie nyumba ileile. Nyuma kabisa mkono ukanyooka.

"Mimi, Padre," akasema Wilmer. "Kwetu nilikuwa mpiga kengele."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa mtoto siku ya kwanza. Doria walipofika, Wilmer alikuwa ameketi meza kuu, mtoto mapajani, sahani imejaa. Arnulfo akawazuia mlangoni kwa kifua chake mwenyewe. "Mvamizi? Mvamizi gani? Huyu kompadre wangu. Ingieni mle, maharage yanapoa." Wakaingia, wakala, na mmoja akafungiwa chakula cha kwenda nacho nyumbani. Wilmer sasa anachunga wale mbuzi. Lawama za kuchelewa kwa doria nazirudisha kwenu kwa heshima zote.

4. Kutokana na hayo, kamati inaomba sheria ya kupiga marufuku ubatizo popote ambapo mtu anaweza kuuona mto. Vilevile sherehe za wasichana kutimiza miaka kumi na mitano, ambazo ni hatari kuliko ubatizo. Binti mmoja anahitaji mdhamini wa taji, mdhamini wa viatu, wa keki, wa muziki, wa gauni, na wote hao hutoka wakiwa makompadre. Kila binti akifikisha umri huo, sisi tunapoteza washukiwa ukumbi mzima. Kwa mwendo huu mpaka utalindwa na nani dhidi ya nani?

5. Tunaomba mtuletee wahamiaji haramu halisi, wale uliowaonyesha kwenye picha siku ya mkutano. Wawe hawajui kupika. Wawe hawajui kuezeka wala kuchuma vitunguu, wasipende watoto, wasisali, wasicheke. Ikiwezekana wasiseme Kihispania, maana Kihispania tunakielewa, na ukishamwelewa mtu kazi imeharibika. Wenye sura mbaya watapewa kipaumbele. Usafiri tutachangia.

6. La mwisho na kubwa. Sheria yako mpya ya kuwakamata wasio na karatasi inaanza mwezi ujao, nasi tunaishangilia, lakini askari wetu wa hapa hawatufai. Msaidizi wa sherifu peke yake kashika ubatizoni nusu ya watoto wa mji huu. Tuletee askari wa mbali, wa kaskazini kwenye theluji, wasiomjua mtu, wasiokula kwetu, wasiouliza jina. Wakimkuta mtu hana karatasi, wambebe kabla hajawasalimu. Salamu ndiyo chanzo cha uharibifu wote niliokueleza.

Nisalimie wabunge wote wa upande wetu, na wa upande wa pili wasalimie kwa mbali. Mke wangu, Mungu amrehemu, angekusalimu pia. Arnulfo, Chema na kamati nzima wanakusalimu, Wilmer anakusalimu, hata mbuzi hawajambo.

Ni mimi nisiyesinzia kwa ajili ya jimbo,
Eliseo Cantú,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua zangu huwa namsomea mama kabla sijazifunga. Nimemsomea hii mchana huu, Ofelia akiwa anamlisha uji. Nilipofika namba sita, kijiko kikasimama.

"Don Eliseo," akasema, taratibu tu, "hao askari wa theluji, mimi watanijua?"

"Nitawaambia wewe ni Ofelia," nikasema.

"Na wakikuuliza, Ofelia ndiyo nini?"

Nikaishusha barua mezani. Ofelia akamfuta mama kidevu, akambusu paji la uso, akaenda chumbani kwake. Nikasikia droo zikifunguliwa. Tangu hapo mama amefunga midomo. Nimejaribu mwenyewe na kile kijiko, uji wote umeishia shingoni. Kisha kwa ule upande wa mdomo aliobakiwa nao akanitolea maneno ambayo hajapata kuyaunganisha tangu Pasaka: "Mrudishe, mpumbavu we." Nami nasema wazi, naogopa. Askari siwaogopi. Naogopa lile begi lililowekwa mlangoni, kwa sababu likitoka, mama yangu hatafika Krismasi, na mimi nitakuwa nimemuua kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo futa namba sita. Futa na ya nne. Ukweli ni kwamba futa zote, uache salamu.

Lakini sheria yako haifutiki kwa barua yangu, hilo nalijua. Ofelia ana binti mchanga, Marisela, aliyezaliwa masika haya. Hajabatizwa, tulikuwa tunamsubiri baba yake arudi kutoka kwenye visima vya mafuta, naye amekwisha kuruhusiwa Jumapili hii. Nimekwenda kugonga mlango nikamwambia Ofelia asiondoke, baba wa ubatizo amepatikana, mtu mkubwa, anatoka Austin. Amecheka au amelia, mlango ulikuwa umefungwa, sikuona. Ila begi amelirudisha ndani. Mama wa ubatizo atakuwa mama yangu, tutambeba na kiti chake, na leo jioni amekubali vijiko viwili.

Kompadre wa mwenyekiti wa kamati hana uzito mbele ya askari wa theluji. Kompadre wa seneta anao. Misa ni saa nne asubuhi, na kuhusu kanisa lako Padre atafumba macho. Njoo na koti la kawaida, mtoto ni mnene na anapiga mateke. Mshike vizuri juu ya maji, itikia Padre akikuuliza, kisha ukae ule na sisi. Baada ya hapo, Mheshimiwa, jaribu kumfukuza mama yake.