Mgongo wa Frigo Si Jiko la Watu

Butembo, Jumatano, tarehe 11 Julai 2001

Baba Mchungaji Mathe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Dispensari,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa nyumba yako yote. Sisi huku tu wazima, ila baridi inatung'ata. Ni mimi Lusenge Ésaïe, mtunza frigo ya chanjo. Nimeona niandike, maana nikija ofisini nitapiga kelele, na sauti yangu unaijua.

Kesho kina mama wanaleta watoto kuchanjwa surua. Wengine wameondoka Musienene leo asubuhi kwa miguu, na njiani kuna vizuizi vitatu vya askari. Chanjo zenyewe zimevuka mpaka wa Kasindi kwa shida, na joto likipita nyuzi nane zinakufa zote. Nyingine hatutapata mpaka vita hivi vichoke. Mwaka jana nilibeba majeneza mawili madogo ya surua kwa mikono yangu hii. Baba, naiogopa surua kuliko mabomu. Na sasa ninapoandika, mshale wa kipimajoto uko kwenye saba na nusu.

Kabla ya malalamiko, nivumilie nisahihishe hubiri lako la juzi. Ulisema frigo inatengeneza baridi. Kwa heshima zote, haitengenezi chochote. Inakamata joto la ndani na kulihamishia nje, basi. Fikiria kizuizi cha barabarani. Mota inasukuma gesi kama askari anavyosukuma abiria: inaibana kwenye yale mabomba meusi ya mgongoni, inapata moto, na hapo ndipo inapotupa joto lake hewani. Huo ni upande wa presha ya juu. Kisha inapita kwenye kijibomba chembamba, ambacho ndicho kizuizi chenyewe, kama abiria mmoja mmoja. Ikishatoka inatawanyika, inapumua, inapoa, na kuanza kukusanya joto la ndani upya. Huo ni upande wa presha ya chini. Mgongo usipopata hewa, joto halina pa kwenda, na tumbo halipoi. Nilijifunza haya Beni, miaka kumi na mmoja katika frigo za watu wa bia, kabla sijaokoka. Katika jambo hili sikosei.

Sasa malalamiko.

1. Mama Rébecca analeta beseni la unga wa mikate nyuma ya frigo ya Serikali ya Mbinguni. Nilipomuuliza alinijibu: "Papa Ésaïe, na hii baridi unga hapana kupanda, lakini huku inapanda mbele ya kumaliza kuomba!" Nakiri mkate ulikuwa mzuri. Nilikula miwili, kwa uchunguzi.

2. Waimbaji wa besi, wakiongozwa na Sadrack, wanakuja kuota moto pale kabla ya mazoezi. Eti "bila moto, besi inageuka tenori." Wiki iliyopita walimaliza wimbo mzima wakiwa wameegemea mabomba. Chupa zilitetemeka.

3. Askari wa kizuizi cha hapa chini alisikia tuna mashine yenye upande wa juu na upande wa chini. Akaja na bunduki kujua ni ya kundi gani la waasi. "Papa, hii upande ya juu iko ya mouvement gani?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza vizuri sana, kisha akauliza: "Na kwa ile barrière ya katikati, nani analipisha?" Nikamwambia hakuna mtu. "Basi ile haiko barrière." Akaondoka amenidharau, na soksi zake akaziacha zinakauka kwenye mabomba.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu Jumatatu nimewafukuza wote: unga, besi na soksi. Nikaweka kiti changu nyuma ya frigo, nikavaa lile koti zito la sufu nililonunua Lubero, na ninalinda mabomba kwa mgongo wangu mwenyewe, kutwa nzima, bila kusogea hata kidole. Na bado mshale unapanda! Jumatatu tano. Jana sita na nusu. Leo saba na nusu. Walipokuwepo wale wahalifu haukuwahi kupita sita. Ni wazi kwamba joto lao lilijificha ndani ya mabomba na sasa linalipiza kisasi.

Kwa hiyo naomba Kamati, leo hii bila kuchelewa:

Kwanza, utangaze madhabahuni kwamba mgongo wa frigo ni mahali patakatifu. Pili, ukuta utobolewe ili joto letu liende kwa majirani zetu Wakatoliki, ambao nao ni watu wa Mungu na wanasikia baridi. Tatu, na hili ndilo la haraka, nipewe mablanketi sita na wazee wawili wenye migongo mipana, tukae watatu pamoja, tuyazibe mabomba yale pasipite hata upepo.

Nisalimie Mama Mchungaji, na watoto Shalom na Sagesse, na wazee wote, hata Sadrack. Waambie sina kinyongo, nina wajibu tu.

Ndimi mtumishi wako, mwenye hasira kidogo na mgongo wenye joto,
Lusenge Ésaïe

Nyongeza: Baba, nilipomaliza sikuwa na bahasha, nikaenda kwa Mama Rébecca kuomba moja. Alikuwa na chai. Nimekaa muda mrefu, nakiri. Niliporudi mshale ulikuwa kwenye sita. Sikuamini; nikakaa tena kwenye kiti changu nyuma ya frigo nifikirie. Nilipofikiria sana, ukaanza kupanda tena. Nimeelewa, Baba. Miaka kumi na mmoja. Barua hii usiisomee Kamati. Mablanketi usilete, wazee wabaki kwao. Kiti nimekitoa nje, nami nimekikalia huku uani, ninatetemeka kama jani, nikichungulia dirishani: sasa uko kwenye tano. Waambie kina mama waje.