Kidonge cha Rangi Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeonana na daktari mpya. Binti mdogo, rika la mwanangu, nywele amezibana kwa kalamu. Akaniita mzee. Nina miaka hamsini na mbili! Ningebisha, ila nilikuwa nimejishika kiuno kwa mikono miwili.

Nikamweleza yote. Miaka thelathini ya kuinamia cherehani, miaka mitatu ya moto unaotoka kiunoni hadi kisigino cha kushoto. Akasema ni mshipa wa fahamu umebanwa. Akaniandikia kidonge kimoja kila jioni, akanionya: kinafanya kazi polepole, nisikate tamaa kabla ya wiki mbili, na siku za mwanzo kitaniletea usingizi, kwa hiyo nisiendeshe gari. Gari! Hata baiskeli sina. Tena kila siku niandike daftarini namba ya maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi, ajue kama dawa inanifaa.

Kwenye dirisha la dawa nikapewa pakiti. Loh! Kidonge cheupe, kidogo kama kifungo cha shati la kichanga. Kiuno chote hiki, kidonge kile?

Daftari la daktari nimeliweka juu ya meza. Hili la kwangu nalificha chini ya rundo la vitambaa.

Jumanne, 4 Machi

Kifungua mimba wangu anaolewa tarehe tano Aprili. Gauni lake limekatwa, halijashonwa. Nikikaa dakika kumi, mguu unawaka. Leo ameniletea chai, akakaa karibu yangu, akasema taratibu kwamba nisijitese, kitambaa tunaweza kumpelekea Mkasi.

Mkasi! Fundi tunayetenganishwa na ukuta mmoja, anayewaambia wateja wangu kwamba macho yangu yameisha! Mwanangu alipokuwa na miaka sita alijifunga pazia kichwani, nikamwahidi kwamba gauni la kweli nitalishona mimi. Akafunge mdomo wake kwanza huyo Mkasi.

Nilisema sitaki kusikia. Mtoto alipotoka nikalala chali sakafuni, machozi yakanitoka. Ya maumivu. Na mengine.

Jumatano, 5 Machi

Mkasi anaimba! Mwaka mzima goti lilimtesa, leo anaimba. Nikaenda kuazima chaki ili nipeleleze. Mezani kwake kulikuwa na kidonge kirefu, kinang'aa, nusu chekundu, nusu bluu! Na kingine cha njano pembeni, cha kawaida tu. Nikauliza goti limeponywa na nini. Akakiinua kile cha rangi mbili kama mtu aliyeokota pete.

Sasa hiyo ndiyo dawa!

Nikajitia hamnazo. Nikasema kwamba changu ni kikali mno, daktari amenikataza kuendesha gari. Mkasi akaacha kuimba. Akauliza, kweli amekukataza? Nikamwambia haki ya Mungu. Nikaona anameza mate.

Tumekubaliana. Kila jioni kimoja kwa kimoja, kwenye kipande cha kitambaa, wake zetu wasijue. Masikini Mkasi! Nimemwingiza mjini.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi Mkasi amelala, shavu juu ya cherehani. Nilipomwamsha akasema dawa yangu ni kiboko, hajawahi kuona. Kisha akaendelea na suruali ya mteja, akaishona miguu yote miwili pamoja. Mteja akaja, akaingiza miguu, akaanguka. Kelele zake zimefika barabarani.

Mimi? Nakula sahani mbili mbili, tumbo shwari kabisa. Kiuno bado. Ukweli ni nane. Kwenye daftari la daktari nimeandika kumi. Mtu akiandika namba ndogo atapewa kidonge kidogo, nani asiyejua?

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshona mkono mmoja wa gauni nikiwa nimesimama. Umepinda. Nimeufumua. Mke wangu ananiangalia kwa jicho la pembeni, na akiangalia hivyo yule ujue kuna jambo. Mkasi analalamika kwamba tumbo linamuunguza kama pilipili. Nikamwambia ni dawa inafanya kazi.

Daftari la daktari: kumi.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeumbuka. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Daktari akafungua daftari. Kumi, kumi, kumi, kumi. Akakunja uso. Akasema basi dawa hii haikufai, tuiache, tuanze na nyingine, wiki mbili tena za kusubiri. Nikaona nafasi yangu. Nikatoa mfukoni kidonge cha rangi mbili, nikakiweka mezani kama karata ya mwisho. Nikamwomba aniandikie kama hiki cha jirani yangu mwenye goti.

Akakigeuza kusoma maandishi yake. Akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikajigamba kwamba tumbo langu halijawahi kuwa zima kama wiki hii. Akasema ndiyo, lazima, maana hii ni dawa ya kulinda tumbo. Anayemeza vile vya njano vya goti hupewa hiki ili visimuunguze.

Ebo!

Alicheka hadi kalamu ikamtoka kwenye nywele. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kidonge chake nimekimeza siku ngapi. Nikasema mbili, kisha nikabadilishana na jirani. Akasema alikuwa amebakiza sahihi tu kuitupa dawa ambayo huenda ndiyo yangu, kwa sababu ya namba nilizobuni. Na kwamba huyo jirani yangu angeweza kulala juu ya sindano inayokwenda, au tumbo litoke vidonda. Aje kesho bila kukosa.

Niliona aibu. Nikamwambia ukweli wote: miaka mitatu naambiwa ni uzee, nivumilie. Nilidhani kumi ndiyo namba pekee inayosikika. Akasema, mzee wangu, mimi hata nne naisikia.

Sikumkatalia lile neno mzee.

Jumatano, 19 Machi

Jana Mkasi alirudi kutoka hospitali na pakiti yake na karipio lake. Hatuongei. Usiku nimemeza kidonge cheupe mbele ya mke wangu, na leo nimelala mchana kutwa kama gunia. Daftari: nane. Nane ya kweli.

Ijumaa, 28 Machi

Sita! Usingizi umepungua. Nimekaa nusu saa, nikasimama kunyoosha mgongo kama daktari alivyoagiza, nikakaa tena. Mikono yote miwili ya gauni imeingia, imenyooka.

Jumatano, 2 Aprili

Nne. Zimebaki siku tatu na vifungo ishirini na viwili vya mgongoni. Mkasi akaja mlangoni bila kubisha hodi, goti likikunjika vizuri, tumbo limetulia. Akachukua sindano. Tumeshona vifungo mpaka jua likazama, yeye kutoka juu, mimi kutoka chini, tukakutana katikati.

Kifungo chake cha saba kimekwenda upande. Alipoondoka nimekirudia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilimtembeza mwanangu hadi mbele bila kushika kiuno. Akaninong'oneza kwamba gauni limemkaa kama ngozi yake. Nikalia mbele za watu wote, na safari hii hakuna kilichokuwa kinauma.

Tatu. Naiandika kwa fahari.

Jumapili, 6 Aprili

Nimejifunza. Dawa ya mtu ni ya mtu. Nimemwambia hivyo hata mkwe wangu, baba wa bwana harusi, tulipokaa naye leo. Bega linamuuma miaka minane. Akakubaliana nami kabisa. Kisha akatoa kidonge chake, akakitupa kwenye glasi ya maji.

Salaale! Kikachemka! Bila moto! Povu hadi juu ya glasi! Changu hata ukikitazama saa nzima hakifanyi lolote.

Tumeelewana viwili vyangu kwa kimoja chake, kuanzia kesho. Hii siyo kama ya Mkasi. Mkasi ni jirani, huyu ni ndugu.

Na daktari asipate wasiwasi, daftari lake nimeshalijaza hadi mwisho wa mwezi: tatu, tatu, tatu.