Mto wa Ndani ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza mazoezi ya kutoyumba. Aliyenipeleka ni binti yangu, kisa niliteleza bafuni mara moja tu. Anasema nisipofaulu jaribio la Ijumaa, ananihamishia chumba cha chini. Mimi, mkaguzi wa barabara mstaafu, niache roshani ninakousimamia mtaa mzima!

Kliniki wanakuvisha miwani mizito kama tofali. Ukivaa, unajiona uko kwenye daraja la mbao juu ya mto, kumbe umesimama mkekani. Nilitumbukia papo hapo. Mshonaji mstaafu ninayefanya naye mazoezi, mjane anayenizidi umri, alivuka akiimba. Sikuona la ajabu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Kesho nafumba macho humo ndani. Nisipouona mto, nitazamaje?

Jumatano, 5 Machi
Nilifumba. Nikatembea palepale mkekani, kifua mbele, natabasamu. Watu wakacheka. Nikadhani wamefurahi. Kumbe ukutani kuna televisheni inayoonyesha kila kitu: niko chini ya maji, samaki wananipita puani. Daktari wa viungo akauliza kwa upole kama mzee amesinzia. Nikamjibu nilikuwa nakagua nguzo za daraja.

Mshonaji akanisogelea. "Kaka, acha kutazama miguu. Mimi huutazama ule mti wa ng'ambo." Nilimshukuru kama mtu asiyehitaji msaada.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefaulu. Nilikaza macho kwenye mti, mbinu niliyoigundua mwenyewe. Daraja likayumba, ndege wakanijia usoni, mimi huyo mpaka ng'ambo. Mshonaji alipiga makofi kuliko wote. Binti yangu alifuta machozi, akasingizia vumbi. Roshani imebaki yangu. Nilitaka kuhutubia kidogo, lakini walikuwa wanafunga.

Jumamosi, 8 Machi
Bati moja la paa limelegea. Binti yangu alinikataza kugusa ngazi, eti fundi anakuja Jumatatu. Fundi wa nini, nyumba ina mtu aliyevuka mto? Nilisubiri aende sokoni, nikapanda bila kuyumba hata chembe. Iliyoyumba ni ngazi. Sasa imelala uani.

Naandika haya nikiwa juu ya paa. Upepo mzuri. Mshonaji amepita njiani, akauliza kama nimekwama. Nimemwambia haya ni mazoezi ya ngazi ya juu.