Uzinduzi wa Kituo cha Kuchomea Sadini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu, Baba Paroko wa Mtakatifu Antonio, Mheshimiwa Naibu wa Msaidizi wa Meya ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa dereva wake ambaye amefika, wanabendi, mabibi na mabwana wa kichochoro hiki kitukufu cha Lisbon, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Belmiro Quaresma, Mkurugenzi wa Moshi na Nderemo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia. (Makofi ya watu wawili, wote wa ofisini kwake.) Mtakumbuka kwamba mwezi wa tano, katika mchakato shirikishi wa kuboresha mazingira ya sherehe, ofisi yangu iliwachukulia majiko yote mliyokuwa mkiyaweka milangoni, ili mkesha huu wa Mtakatifu Antonio sadini zenu zichomwe kwa staha, mahali pamoja, katika Kituo cha Kisasa kilichofunikwa shuka hapa nyuma yangu. (Dona Etelvina, mjane wa nyumba ya kona: “Funua basi, baba. Samaki wananiharibikia, na wajukuu wametoka Luxembourg kuja kula kwa bibi yao. Niwape shuka?”)

Subira, mama, tuko kwenye utangulizi. Upembuzi yakinifu umebaini kuwa asilimia mia na nne ya wadau wanaridhika, na kwamba moshi wa mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika historia ya bara letu, utapanda ukiwa umenyooka. (“Moshi wa jiko gani?” Kicheko.) Nimepigania jambo hili usiku na mchana, isipokuwa Agosti, nilipokuwa ufukweni.

Na ili mjue nazienzi mila zenu, nauchukua mrehani huu wa Mtakatifu na kuunusa. (Anazamisha pua yote chunguni. Mtaa mzima unaguna. Muuza mrehani: “Kiganja, bwana, kiganja! Unapapasa majani, unanusa mkono. Huo umeshauua. Huyu kazaliwa wapi?”) Maoni yamepokelewa, ya kiganja tutayaundia kamati.

Sasa, dereva, vuta shuka. (Dereva anavuta. Linatokea jiko moja la mkaa, limepakwa rangi ya fedha, mguu mmoja mfupi umewekewa kigae cha buluu chini. Dona Etelvina, polepole: “Kigae hicho kimetoka bafuni kwangu. Marehemu ndiye aliyekiweka hapo.”)

Sadini moja, mtaa mmoja! (Hakuna anayeitikia.) Jiko la pamoja, maendeleo ya pamoja! (“Jiko la Etelvina!” Mtaa mzima unaitikia.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi kwa kazi nzuri, mpiga picha kwa kutoonyesha mguu ule, na kipekee Dona Etelvina, kwani bila jiko lake tusingekuwa na kitu cha kuweka chini ya shuka, maana kituo chenyewe bado tunakitafutia wazo. Majiko mengine yako salama ghalani, na ghala litafunguliwa sikukuu zikishapita. (Mkaa umeshamwagwa. Wajukuu wanapepea kwa nakala za hotuba. Dona Etelvina, mikono imejaa chumvi: “Sogea, Mkurugenzi, unanizibia upepo.”)

Nimesogea, mama. Asanteni kwa kunisikiliza, na kama itabaki moja, mimi napenda iliyoiva sana.